Ngazi ya Kikosi cha Nne

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kupanda ngazi, Hisao Nomachi alijitenga na wenzake, akaenda nyuma ya ghala la zana, akatapika. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake makazi yake yalikuwa tumboni. Kwa miaka minane wanaume wa kikosi cha nne walikuwa wamezoea kumsubiri. Wengine walitumia muda huo kuvuta sigara. Akirudi huku anajifuta mdomo kwa theluji, mzee Ugai alimwuliza kama ameshawapa kunguru kifungua kinywa. Wote walicheka, naye akacheka nao, kisha akapanda.

Alikuwa fundi wa tatami, mikeka minene ya kutandika sakafuni, kama baba yake, mtu wa miaka thelathini na mmoja, mabega mapana, miguu mizito. Siku za kazi alishona kingo za mikeka kwa sindano nene kama msumari. Jumapili alikuwa mzimamoto wa kujitolea wa kata ya Aramachi, pamoja na maseremala, waezeka mapaa na muuza tofu mmoja. Moto ukizuka walitoka na pampu yao kama vikosi vingine. Lakini sifa ya kikosi haikutokana na moto. Ilitokana na ngazi.

Ngazi ile ilikuwa ya mianzi mibichi, urefu wake kama watu wanne waliosimamiana mabegani, na haikuegemezwa popote. Wanaume kumi na wawili waliizunguka wakaishikilia wima kwa kulabu zenye mipini mirefu, wa kumi na tatu akapiga magoti na kuikumbatia miguu yake, na mmoja akapanda mpaka kwenye ncha, akafanya huko juu mambo ambayo mama zao wasingependa kuyaona. Zamani wazimamoto walipanda hivyo ili kuona moto uko wapi na upepo unaupeleka upande gani. Sasa ilikuwa desturi tu. Tarehe sita Januari, kwenye changarawe za kando ya mto, kila kikosi cha mji kilisimamisha ngazi yake mbele ya watu na kutoa mpandaji mmoja.

Mpandaji wa kikosi cha nne alikuwa Ryuji Kanaiwa, mwezeka mapaa wa miaka ishirini na mitatu.

Hakuna aliyemfundisha Ryuji. Siku ya kwanza aliyoshika ngazi alikuwa na miaka kumi na mitano. Alipanda kama mtu anayepanda ngazi za kwao kwenda kulala, akafika juu, akalaza tumbo lake kwenye ncha ya mwanzi mmoja, akaachia mikono na miguu ikaelea hewani. Umbo hilo liliitwa Kasa, na wapandaji walilifikia baada ya miaka mitano au sita, wengine wasilifikie kabisa. Akiwa ameelea vile, Ryuji aliwauliza waliokuwa chini kama chakula kimeshaiva. Siku hiyo Hisao alikuwa ameshika kulabu. Alimtazama yule kijana juu, mbingu nyeupe nyuma yake, na kitu fulani kikamchoma moyoni ambacho hakikutoka tena. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na palepale alijua kwamba yeye hatakifanya hivyo kamwe.

"Ngazi huchagua mtu," mzee Ugai alipenda kusema. "Mtu haichagui ngazi." Alikuwa na miaka sitini na minane, seremala aliyestaafu, na ndiye aliyeamua nani apande. Baba yake alikuwa mpandaji, na babu yake pia. Kwa maoni yake kipaji kilikuwa kama kimo: umekuja nacho au hukuja nacho, na mtu mfupi hata akila wali vipi harefuki.

Hisao hakubishana. Ila alifanya mazoezi. Alifunga boriti ndani ya karakana yake na kuning'inia kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alijifunza Popo, Kutazama Mbali, na mwishowe, mwaka wa sita, hata Kasa. Aliweza yote. Lakini Ugai alisema anapanda kama mtu aliyejibeba mwenyewe kama gunia, na watu wakakubali kwamba ni kweli. Kwa hiyo alikuwa mpandaji wa akiba, na siku ya maonyesho kazi yake ilikuwa kupiga magoti na kuikumbatia ngazi pale chini, Ryuji akiwa juu.

Katikati ya Desemba, jioni moja, Ryuji alikuja karakanani bila kupiga hodi. Alikaa juu ya rundo la mikeka iliyosubiri kingo, akakataa chai, akaongea habari za theluji. Hisao aliendelea kushona. Alijua kijana ana jambo, kwa sababu Ryuji hakuwa mtu wa kukaa.

"Kaka Hisao," alisema mwishowe. "Wewe huwa unatapika kwa nini?"

Hisao alidhani anataniwa. "Mke wangu hajui kupika," alijibu.

"Nakuuliza kweli."

Hisao aliinua macho. Uso wa Ryuji ulikuwa umebadilika rangi, kama nta.

Basi Ryuji akamweleza. Mwezi Novemba alikuwa juu ya paa la hekalu moja, kigae kikavunjika chini ya mguu wake, akateleza kwa mgongo mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mfereji ukamzuia. Hakupata hata mchubuko, aliinuka akamaliza kazi. Usiku ule, akimpandisha binti yake mchanga kwenda kulala, ngazi za nyumbani, ngazi kumi na moja tu, miguu ikakataa. Alikaa kwenye ngazi ya nne akiwa amempakata mtoto mpaka mkewe alipokuja kumchukua. Tangu siku hiyo alikuwa anafanya kazi za chini tu, akimdanganya tajiri wake kwamba mgongo unamwuma.

"Sikuwahi kuwa nayo, kaka. Hii kitu," alisema, akigusa kifua chake. "Hata siku moja. Nilikuwa nawaona nyinyi mkitokwa jasho nikidhani ni joto. Sasa nikiinua mguu nauona mguu. Nauona unavyoinuka. Nikiuona tu, sijui tena unakwenda wapi."

"Mwambie mzee."

"Nimwambie nini? Kwamba ngazi imenikataa? Yeye ndiye anayesema ngazi huchagua." Ryuji aliinama akashika kichwa. "Nifundishe. Wewe unaogopa kila siku na bado unapanda. Nifundishe unavyofanya. Na naomba usimwambie mtu."

Hisao aliahidi. Alipobaki peke yake alijichoma sindano kidoleni mara mbili, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa mwanafunzi.

Kwa wiki tatu Ryuji alikuja karibu kila jioni, nao wakafanya mazoezi kwenye boriti, miguu yao ikiwa juu kidogo tu ya sakafu. Hisao alijaribu kumweleza, akagundua kwamba hajui kueleza. Yeye hofu yake alikua nayo, aliijua kama mtu anavyoijua njia mbovu ya kwenda kwake: wapi pana shimo, wapi pana utelezi. Alijua kwamba inaanza tumboni, inapanda mikononi kwenye kipandio cha sita, na kwenye kipandio cha kumi inanong'ona kwamba mwanzi umepasuka. Alijua ni ya kusikilizwa kidogo na kupitwa. Lakini hayo yalimchukua miaka minane, na Ryuji alikuwa na siku ishirini.

Jumapili, mbele ya wenzao, Ryuji alipanda nusu tu, akafanya maumbo mepesi, akasema kifundo cha mkono kinamwuma. Mzee Ugai hakushtuka. Alisema mpanda ngazi wa kuzaliwa hahitaji kuchoshwa na mazoezi, apumzike, siku yenyewe ikifika damu itakumbuka. Hisao peke yake, akiwa amekumbatia miguu ya ngazi, alisikia mianzi inavyotetemeka mikononi mwake kama ubavu wa mnyama mgonjwa.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa kitu kingine. Aliogopa kwamba Ryuji ataanguka. Hilo lilimwamsha alfajiri. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, na hiyo hakutaka kuitazama. Jumapili moja, Ryuji alipoteleza kidogo na kujishika, Hisao alihisi moyoni mwake kitu kilichofanana na furaha. Kilikuwa kidogo, kikapita haraka. Lakini alikijua kilipopita. Alikuwa amengoja miaka minane chini ya mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi yoyote kuwa vile alivyokuwa, na sasa alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Mkewe Sumie aliona kwamba hali chakula. Alimwuliza, "Baba Kaori, una deni?" Akasema hana. "Una mwanamke?" Akasema hana. "Basi kula," Sumie alisema, akamsukumia bakuli la supu, wala hakuuliza tena, ila usiku alimsikia akigeukageuka.

Siku mbili kabla ya mwaka kuisha, Hisao alikata shauri kuvunja ahadi. Alikwenda nyumbani kwa mzee Ugai wakati wa mchana, akasimama nje ya lango. Theluji ilikuwa inadondoka kutoka kwenye misonobari. Alikuwa ameshayapanga maneno. Mlango ukafunguka na mzee akatoka na ufagio wake wa kusafishia njia, akamwona, uso ukakunjamana kwa huruma.

"Nomachi," alisema, "kama umekuja kuniomba upande safari hii, usijidhalilishe. Wewe ni mtu mwema. Bila wewe pale chini nisingelala. Lakini watu hawaji kwenye baridi ile kumtazama mtu mwema."

Hisao aliyaacha maneno aliyoyapanga. Alisema alikuwa anapita tu. Akamtakia mzee mwaka mwema, akageuka, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea haraka kwa hasira, akijisemea kwamba haya basi, na waone wenyewe. Hakujisikia mtu mwema hata kidogo.

Tarehe sita kulipambazuka na anga ya buluu, baridi ya kukata masikio. Kando ya mto watu walijaa mpaka juu ya daraja. Wakubwa wa mji walikaa chini ya turubai, miguu yao ikiwa karibu na majiko ya mafuta ya taa. Vikosi vilipita vikiwa na bendera na makoti ya pamba ya buluu iliyokoza, vikazisimamisha ngazi zao kwa pamoja, ngazi saba kwa mstari mmoja.

Hisao alikuwa ameshatapika nyuma ya gari la pampu. Alipotoka, Ryuji alikuwa pale amesimama, viatu vyake vya kitambaa vimefungwa vizuri, kitambaa cheupe kichwani. Mtu asiyejua angesema amependeza.

"Bado unaiona miguu yako?" Hisao alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Naiona yote miwili."

"Sema hapana. Hata sasa. Nitapanda mimi."

Ryuji alitazama kwenye umati, ambako mkewe alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, na mama yake, na wajomba zake wawili waliotoka mbali. "Pengine mzee anasema kweli," alijibu. "Pengine nikifika juu itarudi." Filimbi ikalia.

Hisao alipiga magoti kwenye changarawe iliyoganda, akaikumbatia ngazi. Juu yake aliona nyayo za Ryuji zikipanda, moja, mbili, tatu, haraka, haraka mno. Zilikuwa nyayo za mtu anayetaka jambo liishe. Alifika juu. Akafanya Kutazama Mbali, amesimama kwenye ncha, kiganja juu ya macho, na watu wakapiga makofi. Hisao akashusha pumzi. Pengine kweli damu inakumbuka.

Kisha Ryuji akaingia kwenye Popo. Mpandaji hupitisha mguu mmoja kati ya vipandio, akafunga kifundo kwenye mwanzi, akajiachia, akaning'inia kichwa chini huku mikono ameinyoosha kama mbawa. Ryuji alijiachia. Mikono ilinyooka. Halafu, akiwa kule juu kichwa chini, aliona, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, umbali uliokuwapo kati yake na changarawe. Mikono ikarudi ikaukumbatia mwanzi. Akabaki hivyo.

Makofi yaliendelea kidogo, yakapungua. Ngazi nyingine zilikuwa zimeshaingia umbo la tatu. Mzee Ugai, aliyesimama mbele na fimbo ya kuongozea, aliipiga chini mara moja kumpa ishara ainuke. Akapiga tena. Ryuji hakuinuka. Kitambaa chake cheupe kilimtoka kichwani kikashuka polepole, kikaangukia begani kwa mmoja wa washika kulabu, naye hakuthubutu kukitikisa.

"Tuishushe?" mtu mmoja aliuliza, midomo haikufunguka vizuri.

"Hapana," alisema Ugai. Kila mmoja alijua kwa nini. Ngazi ile ilisimama kwa sababu tu uzito wote ulikuwa katikati ya kulabu. Ukiilaza na mtu amefungwa mguu juu, kichwa chini, mwanzi utapindia upande wake, mguu utavunjika kwanza na shingo baadaye. Na damu ilikuwa inamjaa kichwani. Mtu akikaa hivyo kwa muda atazimia, na akizimia mikono itaachia.

Hisao alihisi mianzi ikimtetemekea kifuani. Alisikia pia, juu kabisa, sauti ndogo ya mtu anayevuta pumzi bila kuitoa.

"Mzee, njoo ushike hapa," alisema.

Ugai alimtazama bila kuelewa.

"Shika ngazi. Anaogopa. Ana wiki saba anaogopa, mimi nilijua. Shika."

Uso wa mzee ulikufa. Lakini alitupa fimbo, akapiga magoti pale Hisao alipokuwa, akaikumbatia ngazi kwa mikono yake mikavu, na Hisao akaanza kupanda.

Hakuwa amewahi kuogopa vile. Ngazi ilikuwa ya mtu mmoja, na uzito wake alioujua miaka yote sasa ulikuwa uzito wa watu wawili. Kwenye kipandio cha tatu mwanzi ulilia, na sauti ile haikuwa ya hofu yake, ilikuwa ya mwanzi kweli. Washika kulabu waliguna na kuongeza nguvu. Mikono ilimlowa kwenye kipandio cha sita kama siku zote. Kwenye cha kumi ikaja ile sauti ya kunong'ona, naye akaisikiliza kidogo, akaipita. Hakutazama juu wala chini. Alitazama kipandio kilichokuwa mbele ya pua yake, kisha kilichofuata.

Uso wa Ryuji ulikuwa mbele yake, kichwa chini, mwekundu kama figili, macho yamefumbwa.

"Ryuji. Ni mimi."

"Usiniguse," Ryuji alisema. "Kaka, usiniguse, nitaanguka. Natetemeka."

"Naona. Tetemeka."

"Siwezi kuacha."

"Nani kakwambia uache? Mimi sijaacha kutetemeka miaka minane. Tazama mkono wangu." Ryuji alifumbua jicho moja. Mkono wa Hisao ulioshika kipandio karibu na uso wake ulikuwa unacheza kama wa mzee mwenye maradhi. "Unaona? Unatetemeka na unashika. Hizo ni kazi mbili, haziingiliani. Sasa achia mkono mmoja, wa kushoto, unishike mkanda. Usiuone mkono. Uone mkanda."

Muda mrefu ulipita. Pengine ulikuwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Halafu vidole baridi vikaugusa mkanda wake, vikaukamata. Hisao alizungusha mkono wake mgongoni kwa Ryuji na kumwinua, si kwa ufundi wowote, kama vile alivyoinua mikeka tangu utotoni, kwa mabega na magoti. Mwanzi ulilia tena. Kule chini mtu fulani alikuwa anataja jina la Budha, polepole, tena na tena. Ryuji akapata kipandio kwa mkono wa pili, akageuka, akaufungua mguu, wakawa wamesimama uso kwa uso, ngazi katikati yao, wote wawili wakitetemeka, na ngazi nayo ikatetemeka, na washika kulabu wakatetemeka nayo.

Umati ulidhani ni umbo jipya. Walianza kupiga makofi.

"Shuka," Hisao alisema. "Kipandio kimoja. Kisha kingine. Nisubiri chini."

Ryuji alishuka. Ilimchukua muda ambao mtoto angetumia. Miguu yake ilipogusa changarawe wenzake wawili walimshika kwapani wakampeleka nyuma ya gari, na kutoka huko zikasikika sauti ambazo watu wa kikosi cha nne walizijua vizuri sana, ila safari hii hakuna aliyecheka.

Hisao alibaki juu. Ngazi nyingine sita zilikuwa zinamaliza. Alijua angeweza kushuka na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini ngazi ya kikosi haikuwahi kushushwa kabla ya umbo la mwisho, na alikuwa amekwisha fika. Alipanda vipandio viwili vilivyobaki. Akalaza tumbo kwenye ncha ya mwanzi, akajipima, akaachia mkono mmoja, kisha wa pili, kisha miguu.

Hakuelea. Alijua haelei. Misuli yote ya mwili wake ilikuwa inafanya kazi kama watu wanaosukuma mkokoteni matopeni, na ncha ya mwanzi ilimchimba chini ya mbavu, na mto ulikuwa mbali chini yake ukimeta. Alihesabu mpaka tano. Akajishika, akashuka.

Ugai alimngoja pale chini, magoti yamelowa. Hisao alitegemea kofi. Mzee alimshika ukosi wa koti kwa mikono miwili, akamsogeza karibu mpaka pumzi zao zikachanganyika.

"Wiki saba," alisema.

"Mimi nimejua wiki tatu."

"Ulikuja langoni kwangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Hisao angeweza kusema, kwa sababu hukuniacha niseme. Ilikuwa kweli nusu. "Sehemu yangu moja ilitaka aanguke," alisema.

Mzee alimwachia. Akatazama upande ambako Ryuji alikuwa amekaa ndani ya blanketi, mkewe akimpa maji. "Mwaka mzima hamtakanyaga kipandio," alisema Ugai. "Wewe kwa kunyamaza. Yeye kwa kudanganya." Akaokota fimbo yake. Hakuwa amemaliza. "Na mimi sijui ninyimwe nini. Mtetemeko ule niliuona Jumapili zote. Nikasema ni baridi."

Mwezi Machi, alipoitwa na wakubwa wa zimamoto kueleza, mzee Ugai alijiuzulu uongozi wa ngazi. Hakusema tena neno lake kuhusu ngazi na kuchagua, wala hakusema kinyume chake.

Ryuji hakupanda ngazi ya kikosi tena maishani mwake. Kazi ya mapaa, hata hivyo, ndiyo iliyolisha nyumba yake, na tajiri wake hakuwa na kazi za chini za kumpa mpaka uzeeni. Kwa hiyo theluji ilipoyeyuka alikwenda karakanani, safari hii akapiga hodi, akamwuliza Hisao kama ana nafasi Jumapili, kwa kuwa sasa wote wawili walikuwa hawana pa kwenda.

Walianza kwenye banda la kuni, paa lisilozidi kimo cha mtu. Wakaenda kwenye paa la bafu la kulipia la kata, ambako mwenye bafu aliwaruhusu kwa sharti kwamba wabadilishe vigae vilivyopasuka. Ryuji alipanda amefungwa kamba kiunoni, upande wa pili wa kamba ukiwa kwa Hisao, akasogea vigae vitatu, akakaa, akatokwa jasho, akasogea vitatu vingine. Aliyekuwa akikimbia juu ya mapaa ya mahekalu kama paka sasa alijifunza mahali pa kuweka kisigino. Alijifunza vibaya na polepole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ilimbidi arudie jambo moja mara hamsini. Baadhi ya siku alilia kwa hasira. Hisao alimngoja.

Siku moja ya Mei walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa paa lile wakila matonge ya wali yaliyofungashwa na Sumie. Hisao alimwuliza jambo alilotaka kumwuliza miaka minane. Alimwuliza ilikuwaje siku ile ya kwanza, akiwa na miaka kumi na mitano, alipokuwa juu ya ncha ameachia mikono.

Ryuji alifikiri. Alitafuna, akafikiri tena, na Hisao aliona kwamba anajaribu kweli.

"Sikumbuki," alisema. "Nakumbuka nilikuwa na njaa."

Hisao alicheka, na wivu wa zamani ukamchoma palepale, mzima kabisa, kama siku ya kwanza. Adhabu ikishaisha angepanda yeye mbele ya mji wote, na miaka tisa baada ya hapo, na watu wangesema mpandaji wa kikosi cha nne ni imara, huwezi kumtilia shaka. Lakini hakuna ambaye angetazama juu akasahau kupumua. Hilo alilijua pale juu ya paa la bafu, mdomo umejaa wali, na alilijua bila kinyongo kikubwa.

Ryuji alikuwa ameshasimama. Alikagua kamba kiunoni mwake, akaivuta mara mbili kuhakikisha, akageukia upande wa juu wa paa ambako vigae vilikuwa vimebaki.

"Shika vizuri," alisema. "Natetemeka leo."

"Nimeshika," Hisao alijibu, akaizungusha kamba mkononi.